Aliyewarudia Walioachwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 20:13; Warumi 13:1–7; Matendo 5:29; Marko 2:1–12; Luka 10:25–37; Wagalatia 6:1–10; Luka 15:1–7; Mathayo 6:1–4; Luka 17:7–10.

Fungu la Kukariri: Yohana 15:13.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, askari wa cheo cha chini aliyekuwa amepewa nishani nyingi za ushujaa kuliko wenzake wote katika jeshi la Uingereza hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa mbeba machela. Jina lake William Harold Coltman. Kabla ya vita alikuwa mtunza bustani. Alikuwa mtu mfupi na mpole, aliyefundisha watoto katika Shule ya Jumapili. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika nchi yake, na pamoja nao nishani nyingine mbili, kila moja akipewa mara mbili. Zote alizipata bila kumpiga adui risasi.

Wengi hufikiri kwamba mtu asiyetaka kuua anatafuta njia ya kukwepa hatari. Maisha ya Coltman yanaonyesha mtu ambaye imani yake ilimzuia kuua, na imani hiyohiyo ikampeleka mahali penye hatari kuliko pale waliposimama wenye bunduki. Somo la juma hili linafuata maisha yake, hasa miaka aliyokuwa kijana katika mahandaki ya Ufaransa, na linauliza upendo kwa jirani hufika umbali gani.

JUMAPILI
Mtunza Bustani Ajiandikisha

William Coltman alizaliwa Novemba 17, 1891, katika kijiji cha Rangemore, karibu na mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza. Burton ni mji uliojulikana kwa viwanda vya pombe, lakini Coltman alifanya kazi ya bustani. Alikuwa mshiriki wa kundi la Wakristo waitwao Brethren, watu waliokutana kwa ibada zisizo na mapambo, wakaisoma Biblia kwa bidii na kujaribu kuishi kama ilivyoandikwa. Siku za ibada Coltman aliwafundisha watoto. Mwaka 1913 alimwoa Eleanor.

Vita ilianza Agosti 1914. Januari 1915, akiwa na miaka 23, Coltman alijiandikisha katika kikosi cha North Staffordshire, batalioni ya 6. Wakati huo hakuna aliyelazimishwa. Sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa nguvu ilipitishwa Uingereza mwaka mmoja baadaye, Januari 1916. Coltman alikwenda kwa hiari yake mwenyewe, akimwacha mke wake nyumbani.

Mwanzoni aliandikishwa kama askari wa kawaida. Baadaye akawa mbeba machela, na katika kazi hiyo alidumu mpaka mwisho wa vita. Hapo amri mbili ambazo kwa vijana wengi zilionekana kupingana zilipata nafasi katika maisha ya mtu mmoja. Serikali ilimwita kutumika, naye akatumika. Mungu alikataza kuua, naye hakuua.

Swali hili si geni kwa Waadventista Wasabato. Mwaka 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kanisa likiwa bado changa, viongozi wake waliiomba serikali iwatambue washiriki kuwa watu wasiobeba silaha. Tangu siku hizo vijana wengi wa kanisa, katika nchi nyingi, wamejikuta mbele ya ofisa wa jeshi wakihitaji kutoa jibu.

Soma Kutoka 20:13. Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29. Mafungu haya yanaweka mpaka gani kati ya yale ambayo serikali ina haki kuyadai na yale ambayo ni ya Mungu peke yake?

JUMATATU
Mzigo wa Watu Wanne

Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimekatwa na mistari miwili ya mahandaki, ikitazamana kutoka pwani ya bahari hadi mpaka wa Uswisi. Kati ya mistari hiyo palikuwa na uwanja wenye seng'enge, mashimo ya mabomu na maiti. Mahali pengine uwanja huo haukuzidi mita mia moja kwa upana. Aliyejeruhiwa hapo mara nyingi hakuweza kurudi mwenyewe, na aliyemfuata mchana alionekana na adui.

Mwanzoni mwa vita kila batalioni, yenye watu wapatao 1,000, ilikuwa na wabeba machela 16. Walivaa kitambaa mkononi chenye herufi S.B. Siku ya shambulio idadi hiyo haikutosha kabisa. Julai 1, 1916, batalioni ya Coltman ilikuwa miongoni mwa zile zilizopelekwa kushambulia kijiji cha Gommecourt. Siku hiyo moja, katika mstari wote wa vita vya Somme, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu zaidi ya 57,000, kati yao zaidi ya 19,000 wakiwa wamekufa. Wengi wa waliobaki walikuwa majeruhi, na kila majeruhi asiyeweza kutembea alihitaji mtu wa kumbeba.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Kila askari alikuwa na bandeji yake ndani ya koti. Mbeba machela alipomfikia majeruhi alitafuta jeraha, akazuia damu, kisha akalifunga kwa bandeji ya majeruhi mwenyewe, ili zile alizobeba zimfae mwingine. Mfupa wa paja ukiwa umevunjika, mguu ulifungwa kwenye banzi usitikisike, kwa maana safari yenye mtikiso iliweza kumwua mtu ambaye risasi haikumwua. Halafu machela ikainuliwa. Wabebaji hawakutembea kwa hatua moja kama askari wa gwaride, kwa sababu hatua zikilingana machela huyumba. Kila mmoja alipishanisha hatua yake na ya mwenzake.

Mahandaki yalichimbwa kwa kona nyingi, ili bomu likianguka sehemu moja vipande vyake visienee handaki zima. Kona zilizowalinda wazima ziliwazuia majeruhi, kwa kuwa machela ndefu haikugeuka kwa urahisi. Wabebaji waliinua machela juu ya ukingo, ambapo adui aliweza kuwaona, au walimchukua mtu mgongoni. Hivyo walifika kwenye kituo kidogo cha daktari wa batalioni. Kutoka hapo wabebaji wengine walimpokea, kisha gari, kisha hospitali za nyuma. Lakini mita mia chache za kwanza, zile zenye risasi nyingi, zilikuwa za wabeba machela wa batalioni.

Soma Marko 2:1–12. Watu wanne walimbeba mwenye kupooza. Walipokuta mlango umezibwa na watu walipanda juu ya nyumba, wakafungua paa. Marko hakuandika jina la hata mmoja wao. Lakini ameandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kwenda kwa Yesu, na nguvu za wengine zikamfikisha.

Je, ni nani katika kanisa lako asiyeweza kufika kwa miguu yake mwenyewe? Angehitaji watu wangapi wa kumbeba?

JUMANNE
Usiku wa Ukungu

Februari 1917 ofisa mmoja aliongoza kikundi cha askari kwenda kutengeneza seng'enge mbele ya handaki lao. Walikwenda usiku, wakisitiriwa na ukungu. Wakiwa katikati ya kazi ukungu ukaondoka ghafla. Wajerumani wakawaona, wakaanza kufyatua risasi. Ofisa aliwaamuru watu wake warudi, na yeye mwenyewe akapigwa risasi ya paja, akabaki nje. Coltman alitoka handakini, akavuka uwanja ule ambao sasa ulikuwa wazi, akamrudisha. Kwa tendo hilo alipewa Nishani ya Kijeshi.

Juni mwaka huohuo alipewa nishani hiyo mara ya pili, kwa mambo matatu yaliyotokea ndani ya siku chache. Kwanza, ghala ya risasi na mabomu ilipigwa na makombora na watu wakajeruhiwa. Ndani ya ghala hiyo mlikuwa na fataki za kumulika usiku, ambazo zingeweza kulipuka na kuteketeza kila kitu. Coltman ndiye aliyechukua jukumu la kuziondoa. Kesho yake makao ya kampuni yao yakapigwa, naye akawahudumia walioumia. Siku chache baadaye shimo la chini ya ardhi lilibomoka na kuwafukia watu. Coltman akakusanya wenzake, wakachimba kuwatoa.

Mambo haya matatu hayakutokea katika shambulio kubwa. Yalitokea siku ambazo katika vitabu vya historia huitwa siku za utulivu. Lakini kwa aliyefukiwa na udongo siku hiyo haikuwa ya utulivu, na msaada wa kesho haungemfaa.

Julai 1917, karibu na mji wa Lens wenye migodi ya makaa ya mawe, Coltman aliwatoa majeruhi mstari wa mbele huku makombora yakianguka. Usiku ulipoingia hakupumzika. Aliendelea kutafuta gizani, chini ya makombora na bunduki za rashasha, akawapata wengine kadhaa na kuwaleta. Kwa hiyo alipewa Nishani ya Mwenendo Bora Vitani, ambayo wakati huo kwa askari wa cheo chake ilikuwa ya pili baada ya Msalaba wa Victoria.

Soma Luka 10:25–37. Kuhani na Mlawi walimwona mtu yuleyule aliyeonwa na Msamaria. Macho yao hayakuwa na kasoro. Barabara ilikuwa ya hatari kwa wote watatu, maana wanyang'anyi waliompiga yule mtu huenda hawakuwa mbali. Msamaria alisogea karibu, akafunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, na yeye akatembea.

Je, ni hofu gani ya haki kabisa, isiyo ya kubuni, ambayo ingeweza kumfanya kuhani apite kando? Kwa nini Yesu hakuitaja?

JUMATANO
Mpaka Hapabaki Mtu

Mwishoni mwa Septemba 1918 divisheni ya 46, ambayo batalioni ya Coltman ilikuwa sehemu yake, ilifikishwa mbele ya mfereji wa Saint-Quentin. Mfereji huo ulikuwa na kingo ndefu zenye mteremko mkali, na Wajerumani walikuwa wameufanya sehemu ya ngome yao kubwa. Askari waligawiwa maboya ya kuogelea yapatayo 3,000, yaliyochukuliwa kutoka meli za abiria zilizovuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Asubuhi ya Septemba 29, kukiwa na ukungu mzito, walivuka. Batalioni ya Coltman ililikamata daraja la Riqueval kabla halijavunjwa. Kabla ya siku kwisha divisheni ile ilikuwa imewateka Wajerumani wapatao 4,200.

Vitabu vingi husimulia daraja na mateka. Coltman alikuwa na kazi nyingine. Siku iliyotangulia, karibu na Bellenglise, aliwafunga na kuwabeba majeruhi wengi chini ya mizinga. Wenzake waliposonga mbele siku ya pili, yeye aliendelea na kazi ileile bila kulala na bila kupumzika. Hakuacha kutafuta mpaka alipohakikisha kwamba katika sehemu yao hapakubaki majeruhi. Akapewa Nishani ya Mwenendo Bora mara ya pili.

Inafaa kuliangalia neno hilo, kuhakikisha. Mtu aliyechoka huridhika upesi. Baada ya kubeba watu ishirini ni rahisi kusema kwamba kazi imekwisha, hasa pale ambapo hakuna anayeita. Lakini aliyeumia sana mara nyingi haiti. Amepoteza damu, amezimia, au amelala ndani ya shimo ambalo sauti yake haitoki. Asiyesikika ndiye aliyehitaji kutafutwa zaidi, na hapatikani ila kwa mtu anayetafuta hata pasipo na sauti.

Soma Wagalatia 6:1–10. Paulo anasema juu ya kuchukuliana mizigo, kisha katika mistari hiyohiyo anasema juu ya kuchoka. Alijua kwamba mambo haya mawili hufuatana.

Fikiria mshiriki aliyeacha kuja kanisani na ambaye hajalalamika kwa yeyote. Ukimya wake umetafsiriwaje na kundi lenu la Shule ya Sabato?

ALHAMISI
Mara Tatu Mlimani

Siku nne baada ya mfereji kuvukwa, Oktoba 3, 1918, batalioni ilipigana kwenye mlima mdogo uitwao Mannequin Hill, kaskazini-mashariki mwa kijiji cha Sequehart. Waingereza waliupanda mlima, lakini Wajerumani wakarudisha shambulio kwa nguvu, na Waingereza wakalazimika kurudi nyuma. Katika kurudi huko kwa haraka, waliojeruhiwa wakaachwa.

Coltman, aliyekuwa sasa na cheo cha Koplo Usu, alipata habari kwamba kule mbele wamebaki majeruhi. Mlima haukuwa tena mikononi mwa wenzake. Risasi zilipigwa kutoka ubavuni, zikifagia uwanja wote aliopaswa kupita. Alikwenda peke yake. Akawakuta, akawafunga majeraha. Machela huhitaji watu zaidi ya mmoja, na yeye hakuwa na mwenzake. Kwa hiyo alimchukua mtu mmoja mgongoni, akashuka naye mpaka mahali pa salama.

Kisha akarudi. Akambeba wa pili. Kisha akarudi tena, akambeba wa tatu.

Safari ya kwanza ilihitaji ujasiri mkubwa, na huenda ya pili ilihitaji mkubwa zaidi. Mtu anayekwenda mara ya kwanza hajui kinachomngoja. Anayerudi anajua. Tayari mwili umechoka, tayari mtu mmoja ameokolewa, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuketi. Coltman aliyajua hayo yote kila alipogeuka kuutazama mlima. Katika siku zile aliwahudumia majeruhi saa 48 mfululizo. Kwa matendo hayo ya Oktoba 3 na 4 alipewa Msalaba wa Victoria. Alikuwa na miaka 26. Vita ilibakiza majuma matano hivi kufikia mwisho wake, Novemba 11.

Soma Luka 15:1–7. Mchungaji wa mfano huu hahesabu tisini na tisa waliomo na kuridhika. Anamhesabu asiyekuwamo. Anamtafuta mpaka amwone, na akimwona hamfukuzi mbele yake kwa fimbo kumrudisha nyumbani. Anamweka mabegani mwake. Kondoo aliyepotea hufika kwa nguvu za mwenye kumbeba.

Hapa pana habari njema kwa kila mtu anayejiona ameachwa nyuma. Kristo aliacha mahali pa salama, akaja mahali palipokuwa mikononi mwa adui, naye aliijua gharama. Coltman alirudi kutoka mlimani akiwa hai. Mwokozi hakushuka msalabani.

Je, Luka 15:5 inabadilishaje picha uliyo nayo juu ya jinsi Mungu anavyomtendea mwenye dhambi anapompata?

IJUMAA
Kurudi Bustanini

Mei 22, 1919, katika jumba la kifalme la Buckingham, Mfalme George V alimvalisha Coltman Msalaba wa Victoria. Ufaransa nayo ilimpa nishani yake, Msalaba wa Vita. Mtu mwenye heshima hiyo angeweza kutafuta makuu. Coltman alirudi Burton, akawa mtunza bustani za mji. Kwa miaka mingi watu waliopita katika bustani zile walimkuta akifanya kazi ya mikono, na alijulikana kuwa mtu asiyependa kujisifu.

Vita ya pili ya dunia ilipokuja alipewa cheo cha Kapteni, akasimamia vijana waliofunzwa ukakamavu wa kijeshi mjini kwake. Alistaafu mwaka 1963. Alifariki Juni 29, 1974, akiwa na miaka 82, akazikwa Winshill, pamoja na mke wake Eleanor. Nishani zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kikosi cha Staffordshire, karibu na mji wa Lichfield. Hapo limejengwa handaki la mfano, ili wageni waone kwa macho njia nyembamba alizopita wabeba machela. Handaki hilo limepewa jina la Coltman.

Majina ya wengi aliowabeba hayajulikani kwa wasomaji wa leo. Lakini wale waliopona walirudi makwao. Pengine walioa, wakapata watoto, wakazeeka. Hesabu ya watu walio hai kwa sababu ya mgongo wa mtunza bustani mmoja haijaandikwa katika kitabu chochote cha duniani.

Soma Mathayo 6:1–4 na Luka 17:7–10. Omba Bwana akuonyeshe mtu mmoja aliyeachwa nyuma, nawe umwendee kabla ya Sabato ijayo.

Maswali ya Kujadili:

1. Coltman hakuua, lakini alivaa sare ya jeshi, na baadhi ya aliowaponya waliweza kurudi vitani. Wakristo wengine wa siku zake walikataa hata kazi ya machela kwa sababu hiyo, wakafungwa gerezani. Ni kanuni gani za Biblia ambazo kila upande ungeweza kuzitumia? Kundi linawezaje kuheshimu dhamiri ya ndugu aliyeamua tofauti?

2. Baadaye Coltman alisimamia mafunzo ya vijana ya kijeshi. Wengine wataona hakuna tatizo, wengine watahuzunika. Je, maisha ya mtu wa imani yanapaswa kulingana katika kila hatua ndipo yatufundishe jambo? Linganisha na maisha ya Daudi au Petro.

3. Kijana wa kanisa lenu anaitwa jeshini au katika kazi inayomdai avunje dhamiri yake. Kanisa limemwandaa kwa njia gani kabla ya siku hiyo kufika?

4. Machela hubebwa na watu zaidi ya mmoja, lakini pale Mannequin Hill Coltman alikuwa peke yake. Ni lini inafaa kusubiri wenzako katika kazi ya kuokoa, na ni lini inafaa kwenda bila kusubiri?

5. Orodhesheni majina ya washiriki ambao hawajaonekana katika darasa lenu kwa muda wa miezi mitatu. Nani atamwendea nani? Asipopatikana safari ya kwanza, nani atarudi mara ya pili, na mara ya tatu?